Viatu vya "Atavikulia"

Sikukuu iliyopita mjukuu wangu wa mwaka mmoja na nusu aliletwa kunisalimia akiwa na viatu vipya vilivyosindikwa pamba mbele. Nilipohoji, mwanangu akanijibu, "Baba, huyu anakua haraka, atavikulia." Mtoto alipiga hatua tatu, akaanguka kifudifudi.

Neno hilo "atavikulia" nalipinga. Gauni refu hupindwa likangoja, mguu haungoji. Mifupa ya mguu katika umri huo bado ni gegedu kwa sehemu kubwa. Kiatu kikubwa humfanya mtoto akunje vidole ili kisichomoke. Kidogo humbana, naye hajui kulalamika.

Wengine watasema ni ufukara. Sikubali, kwa maana kupima hakuna bei. Jioni, miguu inapokuwa imevimba kidogo, msimamishe mtoto juu ya karatasi uchore nyayo zote mbili, kwani aghalabu hazilingani. Shika ule mrefu, ongeza upana wa kidole gumba chako, kisha nenda na karatasi hiyo sokoni, hata kwenye mitumba, mradi soli haijalika upande. Rudia kila miezi miwili au mitatu. Fedha zikikosekana, mwache atembee peku ndani ya nyumba, hilo halimdhuru.

Chuoni niliwaambia walimu wanafunzi kwamba somo hukatwa kwa kimo cha mtoto aliye mbele yako. Kiatu nacho ni vivyo hivyo. Tuuvishe mguu alio nao leo, si ule tunaoutarajia mwakani.