Mwache Ashike Mwenyewe!
Mwanao ana miezi minane, kanyakua kipande cha parachichi, nawe unampiga kijikono eti anachafua? Shoga, mwache! Sisi wa Mbeya na Iringa tunalima chakula hadi tunalisha Dar, lakini utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa Iringa wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Uji mtupu hautoshi.

Mnawishe, mkalishe wima, mpe kiazi kitamu laini, kipande mfano wa kidole chako. Ataanza kushika kwa kiganja. Akikaribia miezi tisa atadonoa kwa dole gumba na kidole cha shahada. Karanga nzima zinapalia, usimpe. Kaa naye, mayai na maharage ya kuponda mlishe wewe. Mkeka utafutwa, mwaya. Kudumaa hakufutiki kirahisi.