Farasi Mgonjwa Aachwe Apone Kwanza

Wenzangu katika kurasa hizi wameandika juu ya mitihani, mapenzi na chakula cha bwalo. Mimi nimeamua kumwandikia farasi wa mashindano. Usicheke! Asiye na mdomo ndiye hasa anayehitaji wakili. Msimamo wangu ni huu: kumtibu farasi si kosa. Kosa ni kumkimbiza kabla dawa haijamtoka mwilini, na adhabu yake ni halali hata kama kilichobaki ni chembe tu.

Tuanze na kisa chenyewe. Tarehe 1 Mei 2021, katika mbio za Kentucky Derby mjini Louisville, Marekani, farasi aitwaye Medina Spirit aliwatangulia wote. Damu yake ilipopimwa, ikapatikana dawa ya betamethasoni, pikogramu 21 katika kila mililita. Pikogramu ndiyo nini? Chukua gramu moja, igawe mara milioni, halafu kila kipande ukigawe tena mara milioni. Mkufunzi wake, Bob Baffert, alieleza kwamba farasi alikuwa na ugonjwa wa ngozi, akawa anapakwa marhamu yenye dawa hiyo hadi siku moja kabla ya mbio. Februari 2022 wasimamizi walimpokonya ushindi, akapewa Mandaloun aliyekuwa wa pili.

Tulipojadili kisa hiki chamani, wengi walikuja juu. "Huo ni uonevu, bwana! Marhamu tu?" Nawaelewa. Mimi mwenyewe vumbi likizidi hupiga chafya mpaka mwalimu anyamaze. Hupewa tembe, nikameza, nikaenda zangu uwanjani kucheza. Kwa nini basi farasi anyimwe?

Kweli farasi naye ana mzio wake. Vumbi na kuvu ya nyasi kavu humkohoza. Visubi wakimuuma, hujikuna shingo na mkia hadi nywele zing'oke. Wengine huvimba vipele mwili mzima. Daktari wa mifugo atampa antihistamini kama setirizini, au steroidi kama betamethasoni na deksamethasoni. Akibanwa na pumzi, huenda akapewa klenibuteroli ya kufungua njia za hewa. Hakuna ubaya wowote hapo.

Shida ni kwamba dawa haitoki mwilini kwa mkupuo mmoja. Huzunguka na damu, ini likaibadilisha, figo zikaichuja, ikatoka kwa mkojo. Hupungua nusu kwa nusu. Tuseme dawa fulani hupungua kwa nusu kila saa 6. Baada ya saa 24 itabaki sehemu moja kwa 16, na baada ya saa 48 sehemu moja kwa 256. Ni kidogo, lakini si sufuri, na mashine za maabara za leo zinaiona!

Tena kila dawa ina mwendo wake. Iliyodungwa kwenye mshipa si sawa na iliyodungwa kwenye kiungo, na marhamu hupenya ngozi polepole. Haidroksizini ikiingia mwilini hugeuka kuwa setirizini, kwa hiyo maabara inaweza kukuta dawa ambayo hukumpa farasi kwa jina hilo. Hata ivamektini, dawa ya minyoo, inaweza kuibadili safari ya setirizini. Ndiyo maana mwongozo wa chama cha tume za mbio za Marekani ulishauri setirizini isitolewe ndani ya saa 48 kabla ya mbio, wala ivamektini isitolewe ndani ya saa hizo hizo. Mkufunzi anayetaka kujua, atajua. Kazi yake ni kuhesabu.

Sasa turudi kwa zile pikogramu 21. Sisemi kwamba zilimpa Medina Spirit mabawa. Wala sisemi zilimuua: alikufa tarehe 6 Desemba 2021 baada ya mazoezi huko California, na wachunguzi hawakupata sababu ya uhakika. Ninalosema ni kwamba chembe ni kama unyayo. Ukiuona njiani, unajua kuna aliyepita, lakini hujui alibeba nini. Steroidi hutuliza uvimbe na maumivu. Farasi mwenye mguu mbovu akitulizwa hivyo, atakimbia kana kwamba ni mzima. Ana kilo zaidi ya 400 juu ya miguu myembamba. Mguu ukivunjika, mara nyingi huuawa hapo hapo, na mpanda farasi naye huenda akaanguka na kufa. Klenibuteroli nayo ikitumiwa kwa muda mrefu hujenga misuli. Dawa ya kikohozi inageuka dawa ya ushindi!

Je, sheria ikisema "marhamu tu, msameheni", si kesho kila zizi litakuwa na farasi wa ngozi mbovu? Mawakili wa upande wa Baffert walisema vipimo vya mkojo vilithibitisha kuwa ni marhamu, si sindano. Wasimamizi wakashikilia kwamba dawa ni dawa, ipite njia ipitayo. Naunga mkono.

Lakini haki ina pande mbili. Anayetakiwa kusubiri lazima aambiwe asubiri siku ngapi. Zamani kila jimbo la Marekani lilikuwa na kanuni zake, na farasi akivuka mpaka tu mambo yanabadilika. Tangu Mei 2023 kanuni za dawa za taifa zilianza kutumika, na hilo ni jambo jema.

Labda utauliza, yanatuhusu nini? Farasi hukimbia hata hapa kwetu, pale Ngong, Nairobi. Na sisi ni taifa la wakimbiaji, lenye sheria yake ya kupambana na dawa haramu michezoni tangu 2016. Mwanariadha anaweza kuuliza, "Daktari, hii ni dawa gani?" Anaweza kukataa. Farasi haulizwi kitu. Muda wa kusubiri ndio sauti yake ya pekee, na anayeufupisha amemziba mdomo.

Kwa hivyo ninyi mnaoota kwenda Kabete kusomea udaktari wa mifugo, siku tajiri atakapowaambia, "Mpake tu, mbio ni kesho," mjibuni bila woga: mwenye farasi, mbio zitakuwapo tena. Haraka haraka haina baraka.