Timu kubwa ni ipi? Kipimo kipo nje ya dakika 90

Oktoba 2021, Biashara United ya Mara iliifunga Al Ahli Tripoli ya Libya mabao 2-0 jijini Dar es Salaam, katika Kombe la Shirikisho Afrika. Kilichobaki kilikuwa kwenda Libya kuulinda ushindi huo. Haikwenda. Safari ilikwama, mchezo wa marudiano haukuchezwa, na timu kutoka Musoma ikatolewa na wapinzani ambao ilikuwa imeshawafunga. Mwisho wa msimu huohuo ikashuka daraja.

Septemba 2024, Simba ilikutana na Al Ahli Tripoli hiyohiyo, katika kombe hilohilo. Ilisafiri hadi Libya, ikatoka sare ya 0-0, ikashinda 3-1 nyumbani, kisha ikaendelea hadi fainali ya Mei 2025.

Ukitazama mchezo wa kwanza peke yake, Biashara ilifanya vizuri kuliko Simba. Ilishinda, Simba ilitoka sare. Tofauti iliyoamua kila kitu haikuwa uwanjani. Ndiyo maana leo tunachambua swali linalobishaniwa kila kijiwe nchini: timu kubwa ni ipi, na nini kinaifanya iwe kubwa?

Mashabiki, umri na makombe

Hoja ya kwanza ya vijiweni ni mashabiki. Hapo Yanga na Simba hazina mpinzani. Ukienda Kigoma, Newala au Karatu utakuta bendera ya kijani na njano mlango mmoja, na nyekundu na nyeupe mlango wa pili. Lakini mashabiki walikuwepo hata miaka ambayo timu hizi zilitolewa Afrika mapema, mwaka baada ya mwaka. Wingi wa watu ni mtaji; mtaji unaweza kukaa bila kuzalisha.

Hoja ya pili ni umri. Yanga ilianzishwa 1935 na Simba 1936. Historia hiyo ni heshima, ila haimzuii mpinzani wa leo kufunga bao.

Hoja ya tatu ni ubingwa wa nchi. Hii ina uzito zaidi, lakini nayo haitoshi. Tukuyu Stars ya Mbeya ilikuwa bingwa 1986. Coastal Union ya Tanga ilikuwa bingwa 1988. Mtibwa Sugar ya Morogoro ilichukua ubingwa mara mbili mfululizo, 1999 na 2000, lakini mwaka 2024 ikashuka daraja, ikarudi mwaka uliofuata. Kombe moja au mawili yanaonyesha kwamba timu ilikuwa na kikosi kizuri wakati fulani. Hayaonyeshi kwamba klabu ina nguvu ya kudumu.

Hata fainali moja ya Afrika haitoshi. Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993 na kufungwa na Stella Abidjan ya Ivory Coast. Mwaka 2003 ikawatoa Zamalek ya Misri, waliokuwa mabingwa watetezi, na kuingia makundi ya Ligi ya Mabingwa. Baada ya hapo ilisubiri hadi msimu wa 2018/19 kuyaona tena makundi ya Ligi ya Mabingwa. Miaka 15 ni mingi mno kwa timu inayojiita kubwa.

Hesabu ya CAF

Shirikisho la soka Afrika, CAF, lina kipimo chake, nacho hakiulizi idadi ya mashabiki. Kinahesabu misimu mitano. Timu inapata pointi kuanzia hatua ya makundi. Katika Ligi ya Mabingwa, bingwa anapata 6, wa pili 5, wa nusu fainali 4, wa robo fainali 3, wa tatu katika kundi 2, na wa mwisho 1. Katika Kombe la Shirikisho pointi hupungua kidogo: bingwa 5, wa pili 4, hadi nusu pointi kwa anayeshika mkia wa kundi.

Kisha pointi za msimu wa karibuni huzidishwa kwa 5, za msimu wa kabla yake kwa 4, na kushuka hivyo hadi 1. Tuchukue mfano wa 2024/25. Simba ilikuwa ya pili Kombe la Shirikisho, pointi 4, mara 5, jumla 20. Yanga ilimaliza ya tatu katika kundi lake Ligi ya Mabingwa, pointi 2, mara 5, jumla 10. Msimu ukipita, zile 20 za Simba zinakuwa 16, halafu 12, hadi zinaisha. Kwa hiyo sifa ya jana inayeyuka kama barafu juani. Anayetaka kubaki juu hana budi kurudi makundini kila mwaka.

Matokeo yake tuliyaona Oktoba 20, 2023. Siku hiyo mashindano mapya ya African Football League yalifunguliwa Temeke, Uwanja wa Benjamin Mkapa, kwa klabu nane tu za Afrika. Mwenyeji alikuwa Simba, aliyetoka sare ya 2-2 na Al Ahly ya Misri. Mashabiki wa Yanga waliuliza: mbona sisi ndio mabingwa wa nchi, na Juni tumetoka kucheza fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya USM Alger?

Walikuwa na haki ya kuuliza. Lakini Yanga wakati huo ilikuwa na msimu mmoja mkubwa. Simba ilikuwa imefika robo fainali mara nne katika misimu mitano, tatu za Ligi ya Mabingwa na moja ya Kombe la Shirikisho, na kwa hesabu ya miaka mitano ilikuwa mbele. Yanga nayo imekuwa ikiijaza hesabu yake: msimu wa 2023/24 ilifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, ikatolewa na Mamelodi Sundowns kwa penalti.

Chamazi: fedha bila haraka

Ukitoka katikati ya jiji kuelekea Mbagala, unafika Chamazi, nyumbani kwa Azam. Klabu hii ilipanda Ligi Kuu 2008. Ina uwanja wake, ina kituo cha kulea vijana, na nyuma yake kuna kampuni tajiri. Msimu wa 2013/14 ilichukua ubingwa bila kupoteza mchezo hata mmoja. Kwa vigezo vya kawaida, hapo ilikuwa imekamilika.

Hata hivyo, ilisubiri hadi msimu wa 2025/26 kuingia makundi ya Afrika kwa mara ya kwanza, katika Kombe la Shirikisho. Fedha na uwanja viliifanya isishuke daraja na isikose mishahara, lakini havikununua uzoefu wa kucheza ugenini mbele ya watu 50,000 na kurudi na sare. Uzoefu huo unapatikana kwa kwenda, kufungwa, na kwenda tena.

Upande mwingine, fedha zinafuata anayedumu. Msimu wa 2023/24, klabu iliyoishia makundi ya Kombe la Shirikisho ilipata dola 400,000. Iliyofika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa ilipata dola 900,000, na Yanga na Simba zote zilifika hapo. Fedha hiyo inasaidia kusajili, kusajili kunasaidia kurudi, na kurudi kunaleta fedha nyingine. Gurudumu likianza kuzunguka, aliye nje anazidi kuachwa.

Mwenge: timu ya manispaa

Kinondoni kuna mfano mwingine. KMC ni timu ya manispaa. Ilipanda Ligi Kuu 2018, na msimu wake wa kwanza ikamaliza nafasi ya nne. Mwaka 2019 ikapata nafasi ya Kombe la Shirikisho, ikatolewa mapema na AS Kigali ya Rwanda. Uwanja wake wa Mwenge ni mzuri kiasi kwamba Simba na Yanga zimeutumia kama nyumbani.

Mfano huu unawahusu wasikilizaji wa mikoani moja kwa moja, kwa sababu timu nyingi zinazotajwa kuwa "za kwetu" ni za halmashauri: Dodoma Jiji, Mbeya City, Pamba Jiji. Bajeti yao inatoka kwenye mfuko uleule unaosubiriwa na zahanati, mitaro na madawati. Mkurugenzi akibadilika au mapato yakishuka, timu inatikisika. Halmashauri inaweza kuipeleka timu Ligi Kuu. Kuibakiza Afrika misimu mitano mfululizo ni mzigo mwingine kabisa, na wananchi wana haki ya kuambiwa mapema ni kiasi gani na kitatoka wapi.

Vipaji si klabu

Wapo wanaosema timu kubwa ni yenye vipaji. Mbagala ilimlea Mbwana Samatta. Alipita African Lyon na Simba, akaenda TP Mazembe ya Congo, na huko akachukua Ligi ya Mabingwa Afrika 2015. Kipaji kilikuwa chetu, kombe likaenda Lubumbashi, kwa sababu Mazembe ilikuwa na klabu ya kukibeba.

CAF nayo inaangalia klabu nzima. Leseni yake inadai timu za vijana, timu ya wanawake, makocha wenye sifa, uwanja unaokubalika na hesabu zilizokaguliwa. Wapo walioona timu ya wanawake kama pambo. Simba Queens ilimaliza ya nne Afrika mwaka 2022.

Kwa nini hili linamhusu wa Mara na wa Lindi

Pointi hizi hazibaki Kariakoo. CAF inazijumlisha kwa nchi, na nchi 12 za juu zinapewa nafasi nne badala ya mbili. Msimu wa 2020/21 Tanzania ilikuwa na wawakilishi wawili tu, Simba na Namungo. Namungo ya Ruangwa iliingia makundi ya Kombe la Shirikisho na kufungwa mechi zote sita, lakini kufika kwake kuliiletea nchi nusu pointi, mara 5. Simba ilifika robo fainali. Msimu uliofuata nafasi zikawa nne, na ya nne ikaenda Biashara United.

Kwa maneno mengine, mlango aliopitia Biashara ulifunguliwa na wengine, na alipokwama safari ya Libya nafasi ya pointi ilipotea kwa nchi nzima. Msimu wa 2025/26 wawakilishi wote wanne walifika makundi: Yanga na Simba Ligi ya Mabingwa, Azam na Singida Black Stars Kombe la Shirikisho. Hilo ni jambo kubwa kwa nchi ambayo miaka michache nyuma ilikuwa ikiaga mapema.

Kwa hiyo timu kubwa, kwa kipimo chetu, ni ile ambayo mwaka mbaya hauiangushi. Kocha anaondoka, mfungaji anauzwa, mdhamini anachelewa, na bado msimu ujao ipo makundini. Fiston Mayele aliondoka Yanga 2023 baada ya kuwa mfungaji bora wa Kombe la Shirikisho. Miezi michache baadaye Yanga ilikuwa robo fainali ya Ligi ya Mabingwa.

Timu ya mkoa wako ikimaliza nafasi ya tatu au ya nne, shangilia. Kisha uliza viongozi wake kabla ya Agosti: nauli ya ugenini ipo? Leseni imekamilika? Nani anafuatilia vibali vya safari? Biashara ilikuwa na mabao mawili mkononi. Ilichokosa ni majibu ya maswali hayo.