Maumivu ya viungo yanataka swali kabla ya vidonge

Tukizungumzia magonjwa ya viungo, lawama huangukia haraka uhaba wa madaktari bingwa. Uhaba huo ni wa kweli: Tanzania na Kenya zina madaktari bingwa wachache mno wa viungo, na wengi wao wako katika hospitali kubwa za mijini. Hata hivyo, naamini sehemu kubwa ya muda anaopoteza mgonjwa hupotea kabla hajasikia kwamba bingwa wa aina hiyo yupo. Hupotea kwenye duka la dawa, zahanati na kituo cha afya, pale anapopewa diklofenaki leo, akarudi mwezi ujao akapewa tena, bila mtu kumuuliza maumivu yake yana tabia gani.

Na tabia ndiyo inayotofautisha. Katika baridi yabisi, na katika magonjwa ya jamii yake yanayoshika uti wa mgongo na nyonga, kinga ya mwili hugeuka na kuvishambulia viungo vyenyewe. Aliyechoshwa na jembe au mizigo huumia akifanya kazi na hupata nafuu akilala. Huyu mwingine huamshwa na maumivu usiku wa manane, huamka amekakamaa, na hukaa nusu saa au zaidi kabla mwili haujalegea. Akitembea anapata nafuu. Akipumzika hali inazidi. Kwa mgonjwa wa mgongo, mambo haya huanza polepole, mara nyingi kabla ya kufika miaka 45. Kwa mgonjwa wa baridi yabisi, vidole na viganja vya mikono yote miwili huvimba hata kukamua nguo kukawa mtihani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 18 duniani walikuwa na baridi yabisi, na takriban asilimia 70 ni wanawake. Kwa hiyo anayeambiwa kila mara kuwa ni uchovu wa kazi za nyumbani ndiye hasa aliyepaswa kuchunguzwa.

Kama mashine na mabingwa pekee vingetosha, Ulaya isingekuwa na tatizo hili. Lakini huko, wenye ugonjwa wa uti wa mgongo wa aina hii wamekuwa wakisubiri kwa wastani wa takriban miaka 7 tangu dalili za kwanza hadi kupata jina la ugonjwa wao, na wanawake husubiri zaidi kwa sababu kwa miongo mingi madaktari walifundishwa kuwa huu ni ugonjwa wa wanaume. Picha ya eksirei nayo hudanganya: mabadiliko ya mifupa ya nyonga yanaweza kuchukua miaka kabla ya kuonekana. Kipimo cha damu kinachotumika sana kwa baridi yabisi huweza kuonyesha ndiyo kwa mtu mwenye maambukizi ya muda mrefu na asiye na ugonjwa huo, na kikaonyesha hapana kwa mgonjwa halisi. Mhudumu anayengoja karatasi ya maabara imfanyie uamuzi atawaacha wengi njiani.

Wapo wanaosema magonjwa haya ni ya Wazungu. Ni kweli kwamba jeni inayohusishwa na kukakamaa kwa uti wa mgongo, HLA-B27, ni nadra kwa Waafrika walio kusini mwa Sahara. Lakini uchunguzi uliofanywa Zambia ulionyesha magonjwa ya jamii hiyo yakijitokeza kwa watu wenye virusi vya UKIMWI wasio na jeni hiyo. Uchache wa wagonjwa tunaowahesabu unaweza kuwa matokeo ya kutowatafuta. Pingamizi zito zaidi, nalo naliheshimu, ni kwamba hapa kwetu maumivu ya mgongo yasiyoisha yanaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, na hicho ndicho cha kutafutwa kwanza. Naam, kitafutwe. Swali lilelile la muda na tabia ya maumivu ndilo litakalomfikisha mgonjwa wa kifua kikuu hospitalini mapema. Kumrudisha nyumbani na vidonge kunawaumiza wote wawili.

Kuna pia hoja ya gharama: ya nini kuugundua ugonjwa usiotibika kwa bei tunayoimudu? Sindano za kisasa ni ghali, hilo halina ubishi. Lakini kwa baridi yabisi, msingi wa tiba duniani kote ni methotreksati, dawa ya zamani na ya bei nafuu, inayotumiwa mara moja kwa wiki. Inataka uangalizi wa damu na ini, na haifai kwa mjamzito. Uangalizi wa namna hiyo hautushindi. Kliniki za tiba na matunzo za wenye VVU zimewafuatilia watu kwa miaka mingi, hadi vijijini, kwa kadi, miadi na vipimo. Kisichosubiri ni kiungo. Wataalamu wa Ulaya wanashauri mwenye viungo vilivyovimba aonwe na bingwa ndani ya wiki 6 na tiba ianze ndani ya miezi 3, kwa kuwa mfupa ukishalika haurudi. Vidonge vya steroidi vinavyouzwa kiholela hufanya jambo baya zaidi: humpa mgonjwa nafuu ya haraka, yeye akaamini amepona, huku ugonjwa ukiendelea.

Kwa hiyo ningependa miongozo ya matibabu ya ngazi ya zahanati iseme wazi: kiungo kilichovimba kwa zaidi ya wiki 6, au mgongo wa kijana unaouma kwa zaidi ya miezi 3 na kukakamaa asubuhi, ni rufaa, si dozi nyingine ya dawa ya maumivu. Mafunzo yanawezekana: nchini Kenya, mradi wa UWEZO uliandaa wakufunzi wa kufundisha wahudumu wa kawaida namna ya kuchunguza viungo. Tanzania ina njia nyingine iliyo tayari: maduka ya dawa muhimu, yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003, ambayo wauzaji wake hufundishwa dalili za hatari za mtoto anayepaswa kupelekwa kituoni mara moja. Waongezewe dalili ya mtu mzima anayenunua dawa ya maumivu kwa mwezi wa tatu mfululizo, waruhusiwe kumwandikia kikaratasi cha kwenda kituo cha afya, na kituo kilazimike kukipokea.