Metali inayoachia mfupa nafasi

Vita vya Kivu vimetuachia wandugu wengi waliovunjwa mifupa na risasi. Mjini Goma, wengi wamepokelewa katika hospitali ya CBCA Ndosho, ambako wapasuaji wa Msalaba Mwekundu (CICR) wamefanya kazi pamoja na waganga wetu kwa miaka mingi. Katika nchi tajiri, pengo la mfupa uliopotea linaweza kujazwa kwa titaniamu iliyotengenezwa kama sifongo.

Mwaka 1952, mtafiti wa Uswidi, Per-Ingvar Brånemark, aliona kwamba mfupa hushikamana na titaniamu. Lakini titaniamu isiyo na matundu ina tatizo: ni ngumu kupinda kuliko mfupa, mara tano hivi. Inabeba mzigo karibu wote, na mfupa usiobeba mzigo hudhoofika. Kwa hiyo mafundi huitengeneza ikiwa na matundu ya karibu nusu milimita. Hapo ugumu hupungua, mishipa ya damu huingia, na mfupa hukua ndani yake.

Tantalumu nayo hutumiwa hivyo. Inatoka katika koltani, na machimbo ya Rubaya, kule Masisi, ni kati ya makubwa duniani. Nyingi huishia katika simu na kompyuta. Kidogo hutengenezwa viungo vya nyonga na goti. Majeruhi wa Masisi haoni faida yake.

Je, tudai metali hizo leo? Hapana. Jeraha la risasi ni chafu. Metali ikiwekwa humo mapema, vijidudu hujificha ndani yake. Kwanza tunahitaji chumba safi cha upasuaji, damu, dawa, vyuma vya kushikilia mfupa kutoka nje, na mtu wa kumzoeza mgonjwa kutembea tena.

Mengi ya hayo hubebwa na wageni. Tunawashukuru. Lakini kanisa lisilobeba kitu litadhoofika kama mfupa ule, na siku wageni wakiondoka litaanguka pamoja na wagonjwa wake. Kila parokia itenge sadaka ya Jumapili moja kwa mwezi kwa majeruhi, na ipeleke vijana wake kutoa damu. Tuwaombe wafadhili pia wawafundishe wapasuaji wetu, si kupasua kwa niaba yao tu. Na tunapoombea amani, tudai pia haki katika biashara ya koltani.