Mwaka 1780 si Ushahidi: Hadaa katika Biashara ya Reale Kuukuu

Mwenye duka la vitu vya kale huitoa reale ya fedha katika kitambaa, huiweka mkononi mwa mteja na kumwonesha mwaka uliochongwa: 1780. Haongezi neno. Mteja hujihesabia mwenyewe miaka mia mbili na zaidi, akalipa bei ya miaka hiyo. Akija kuujua ukweli na kurudi, huambiwa: "Nilikudanganya kwa neno gani?"

Ndugu msomaji, hoja hii ni batili.

Reale ya Maria Theresa, ambayo wazee wa pwani yetu waliiita reale ya Sham, haifanani na sarafu nyingine. Malkia huyo wa Austria alifariki mwaka 1780, na sarafu yake ikaendelea kupigwa chapa kwa tarehe hiyo hiyo, kwa kuwa wafanyabiashara wa Uhabeshi, Yemen na kwingineko walikwisha kuizoea sura yake na hawakuiamini nyingine. Katika miaka ya 1930 ilipigwa chapa hata Roma na London. Vienna wanaitoa mpaka leo. Zote zina uzito wa gramu 28 hivi, na tarehe zao ni moja. Basi reale uliyoishika yaweza kuwa ya zama za Sayyid Said, aliyefariki 1856, na yaweza kuwa changa kuliko muuzaji wake. Wajuzi huzipambanua kwa alama ndogo ndogo, kama manyoya ya mkia wa tai na umbo la pambo la begani mwa malkia. Weusi nao si hoja: fungia fedha nyeupe chomboni pamoja na yai lililochemshwa, utaona jinsi inavyozeeka upesi!

Wala tusiambiwe kwamba aliyenyamaza hakudanganya. Mwenye mnyama akiacha kumkamua siku kadhaa ili kiwele kijae, hatamki uongo wowote. Kiwele ndicho kinachosema. Hata hivyo Bwana Mtume (S.A.W.) alilikataza jambo hilo, akampa mnunuzi hiari ya kumrudisha mnyama. Wanavyuoni wameliita tadlisi. Kuna tofauti gani baina ya kiwele kile na tarehe ambayo muuzaji peke yake ndiye ajuaye kwamba haina maana?

Wapo wasemao: mnunuzi afumbue macho. Mgeni aliyetoka Maskati kutafuta kumbukumbu ya babu yake aliyeishi Unguja, atayajulia wapi manyoya ya tai? Na muuzaji huyo huyo, mjane akimletea reale za marehemu mumewe, ujuzi humrudia ghafla: "Hizi ni za juzi tu, bibi. Nitakupimia fedha yake."

Asiyejua umri wa reale na aseme hajui, aandike hivyo katika risiti, na auze kwa uzito wa fedha. Ama anayejua akanyamaza, mnunuzi ana haki ya kumrudishia sarafu yake na kupewa pesa zake zote, hata kama ukutani pamebandikwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi.