Vidole vinavyokakamaa asubuhi: dawa ya maumivu peke yake haitoshi

Mama wa Baleni anayeamka akashindwa kukunja vidole mpaka jua lipande huambiwa ni baridi, au umri. Hununua diklofenaki duka la dawa, hupata nafuu, hurudi kusuka ukili. Miezi inapita hivyo, hata miaka.

Baridi yabisi ya aina hii haisababishwi na baridi. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, hugeuka na kushambulia utando wa ndani wa viungo. Wanawake huugua zaidi kuliko wanaume, wengi wakiwa bado na nguvu zao. Vidole na vifundo vya mikono huvimba pande zote mbili, na ukakamavu wa asubuhi huchukua saa nzima au zaidi. Goti la mzee lililochakaa kwa kawaida hulegea ndani ya nusu saa.

(Kama yalianza na homa kali ya ghafla, mwambie daktari. Chikungunya, iliyotambuliwa kusini mwa Tanganyika mwaka 1952 na kupewa jina la Kimakonde, huacha maumivu ya viungo kwa miezi.)

Diklofenaki hutuliza, lakini haizuii kiungo kuharibika. Ikinywewa muda mrefu huweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Dawa inayopunguza mashambulizi yenyewe ni kama methotreksati. Hunywewa mara moja kwa wiki. Anayeinywa kila siku kwa makosa anaweza kufa. Mjamzito haruhusiwi kabisa, na damu lazima ipimwe mara kwa mara. Nafuu huchukua wiki kadhaa, na hapo ndipo wengi hukata tamaa.

Wapo ambao uvimbe huisha na maumivu yakabaki, kwa sababu mishipa ya fahamu imeshazoea kupiga kelele. Hawajifanyi. Mazoezi mepesi na usingizi wa kutosha huwasaidia kuliko kuongeza vidonge.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Kwa Mafia, kadi ni nusu ya safari. Ukitoka hospitali ya wilaya Kilindoni kwenda kwa bingwa Dar es Salaam, kuna boti hadi Nyamisati, kisha gari, kisha pa kulala, na mgonjwa huyu hurudi tena na tena. Kipimo cha damu kikifanyika Kilindoni, safari nyingi zinaepukika. Hilo ndilo la kumuuliza diwani.

Ukienda zahanati, taja ukakamavu unachukua muda gani, ulianza lini, na vidonge vyote ulivyokwisha kunywa, hata vya dukani.